Kwa Nini Watu Wengi Hutumia Mkono wa Kuume
Mazungumzo ya mwalimu wa chuo cha ualimu, Soweto, Mbeya

Mimi ni mwalimu katika chuo cha ualimu, na makazi yangu ni mtaa wa Soweto, mjini Mbeya. Leo nataka kuzungumza nanyi habari za mikono yetu miwili. Mbona mkono mmoja hufanya karibu kazi zote, na wa pili huwa kama msaidizi wake? Na mbona kwa watu wengi ule mkono mkubwa ni wa kuume?

Labda mmoja wenu atasema, "Mwalimu huyu hana kazi. Hilo nalo ni jambo la kuulizwa?" Ngojeni kidogo, niwaeleze jinsi swali hili lilivyonijia.

Miaka 15 iliyopita nilikuwa mwalimu kijana katika shule moja ya msingi. Darasani mwangu alikuwamo mtoto wa kike, wa darasa la kwanza, aliyeshika kalamu kwa mkono wa kushoto. Nilimkataza. Alipoisahau amri yangu nilimpiga vidole kwa rula, na siku moja niliufunga mkono wake wa kushoto kwa kitambaa. Sikuyafanya hayo kwa chuki. Nilipokuwa mtoto nilimwona mwenzangu wa dawati akifanyiwa vivyo hivyo, nami nikadhani ndiyo kazi ya mwalimu. Basi mtoto yule akaanza kuandika kwa mkono wa kuume, na herufi zake zikapepesuka kama mlevi. Hata katika hesabu, ambazo alikuwa hodari, akaacha kunyosha mkono kujibu, kwa maana hakujua anyoshe upi.

Jumamosi moja nikaenda soko la Soweto kununua viazi, nikamkuta mama yake akiuza. Akaniamkia kwa adabu, akanipimia viazi vyangu, kisha akasema, "Mwalimu, naomba nikuulize neno. Mwanangu amekosa nini?"

Nikamjibu, "Hakukosa, Mama. Namfundisha kutumia mkono unaofaa."

Akasema, "Nyumbani humenya viazi kwa mkono huo huo mnaoupiga, tena hunishinda mimi. Sikumfundisha. Dada zake wote hutumia wa kuume. Basi yeye mkono huo ameupata wapi?"

Sikuwa na jibu. Nililipa, nikachukua viazi vyangu, nikaenda zangu. Mazungumzo ya leo ndiyo jibu langu kwa mama yule, ijapokuwa limechelewa sana.

Kwanza tujue hesabu. Mtu akisimama asubuhi katika soko lile na kutazama mikono tu, bila kutazama nyuso, ataona kuume, kuume, kuume. Mwenye maharage hushika kopo la kupimia kwa mkono wa kuume, fundi wa nguo hushika mkasi kwa mkono wa kuume, na seremala hupiga nyundo kwa mkono wa kuume. Lakini akingoja atamwona na mmoja mwenye mashoto. Wataalamu waliokusanya hesabu za watu zaidi ya milioni 2, wakazitangaza mwaka 2020, waliona kuwa katika watu 100, kama 10 au 11 wana mashoto. Tena hapajaonekana taifa hata moja duniani ambalo wengi wa watu wake wana mashoto. Kila mahali kuume ndio wengi, na kila mahali wachache wa kushoto wamo.

Je, sababu ni mafunzo? Wengi hudhani hivyo, na si ajabu. Tazameni lugha yetu ya Kiswahili. Mkono mmoja huitwa wa kulia, yaani mkono wa kulia chakula. Huitwa tena wa kuume, kama kwamba ndio mwanamume wa mikono. Mwenziwe ni wa kushoto, na watu wa pwani waliuita pia mkono wa kike. Basi kabla mtoto hajajua kusema vema, lugha imekwisha kumwambia mkono upi una heshima. Tazameni na desturi zetu za Nyanda za Juu Kusini. Mhehe asemapo "Kamwene", na Mnyakyusa asemapo "Ugonile", akimwamkia mkubwa wake hutoa mkono wa kuume, na wa kushoto huushika ule wa kuume kwa heshima. Mtoto anayepokea kitu kwa mkono wa kushoto huambiwa mara moja, "Pokea vizuri!"

Mafunzo hayo yana nguvu kweli. Lakini hayawezi kuwa asili ya jambo lenyewe, nami nitawapa ushahidi.

Mjini Belfast, katika Ireland ya Kaskazini, mtaalamu aitwaye Peter Hepper pamoja na wenzake waliwatazama watoto wangali matumboni mwa mama zao. Walitumia mashine ya altrasaundi, ile itumiwayo hospitalini kumtazama mtoto kabla hajazaliwa. Wakaona kuwa watoto hunyonya kidole gumba humo tumboni, na kama 9 katika 10 hunyonya gumba la kuume. Baadaye wakawatafuta 75 katika watoto hao, walipokuwa na umri wa miaka 10 hata 12, na mwaka 2005 wakatangaza waliyoyaona. Watoto 60 walionyonya gumba la kuume tumboni, wote 60 walikuwa watu wa kuume. Watoto 15 walionyonya gumba la kushoto, 10 walikuwa na mashoto, na 5 walikuwa watu wa kuume. Sasa niambieni, ni mwalimu gani aliyeingia tumboni na rula yake?

Kwa hiyo jambo hili huanza kabla ya kuzaliwa. Lakini tuzidi kuuliza. Kwa nini wengi ni wa kuume, wala si nusu kwa nusu?

Zamani huko Ulaya wako waliosema kuwa sababu ni vita. Moyo wa mtu, walisema, umeelekea kushoto. Basi askari aliushika ngao kwa mkono wa kushoto ili aukinge moyo, na silaha akaishika kwa kuume. Wenye mashoto waliacha moyo wazi, wakafa wengi, wakabaki wa kuume. Maneno haya humpendeza msikilizaji, hasa huku kwetu, maana tunakumbuka vita vya Lugalo vya tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe wa Mtwa Mkwawa walipoishinda jeshi la Wadachi lililoongozwa na Zelewski. Mkuki mkono mmoja, ngao mkono wa pili. Walakini, fikirini. Wanawake wengi wa dunia hawakubeba ngao, lakini nao ni watu wa kuume kama wanaume. Tena hesabu zaonyesha kuwa wenye mashoto ni wengi kidogo zaidi kwa wanaume kuliko kwa wanawake. Kama sababu ingekuwa ngao, ingekuwa kinyume chake. Basi maneno hayo hayatoshi.

Turudi nyuma zaidi, kabla ya ngao na mikuki. Walio Iringa wanapajua Isimila, mahali palipo karibu na njia kuu ya kuja Mbeya, kama kilometa 20 kutoka mjini. Mwaka 1951 mwanafunzi mmoja kutoka Afrika Kusini aliokota pale mawe yaliyochongwa na watu wa kale sana, na mwaka 1957 na 1958 wataalamu wakapachimba. Pana mashoka ya mawe mengi, mengine makubwa ya kujaza mikono miwili. Lakini shoka la namna ile pande zake mbili karibu hufanana. Ukilishika kwa kuume latosha, ukilishika kwa kushoto latosha. Jiwe lenyewe halituambii lilishikwa na mkono gani.

Lakini meno yametuambia. Katika bonde la Oldupai, kaskazini ya nchi yetu, mwaka 1995 lilionekana taya la juu la kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, aliyeishi miaka ipatayo milioni 1.8 iliyopita. Juu ya meno yake ya mbele mna mikwaruzo. Mikwaruzo hiyo imetoka wapi? Ninyi mlao nyama mtafahamu upesi. Mtu mwenye kipande kikubwa cha nyama hukiuma upande mmoja, huvuta upande wa pili kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine hukata kwa kisu mbele ya midomo. Mtu yule alikata kwa jiwe kali, na mara kwa mara jiwe likateleza na kukwaruza meno. Wataalamu walioongozwa na David Frayer walipima mikwaruzo hiyo, na mwaka 2016 wakatangaza kuwa mingi imelala kama ilalavyo mikwaruzo ya mtu avutaye kwa kushoto na kukata kwa kuume. Mtu mmoja hawezi kuwa shahidi wa umati wote. Lakini meno ya watu wengine wa kale, wale wa Ulaya waitwao Neanderthal, nayo yana mikwaruzo ya namna ile, na wengi wao walikuwa watu wa kuume. Basi desturi hii ya mwili ni ya zamani kupita vijiji vyetu, kupita mataifa yetu, kupita lugha zetu zote.

Je, wanyama nao? Huko Gombe, mkoani Kigoma, sokwe huchukua kijiti au jani refu, hulitia katika tundu la kichuguu, kisha hulivuta likiwa limeshikwa na mchwa, wakala. Jane Goodall aliliona jambo hili mwaka 1960. Wataalamu waliofuata walitazama mikono ya sokwe hao, wakaona kuwa mmoja mmoja hushikilia mkono wake, huyu wa kuume, huyu wa kushoto. Lakini jamii yote haikuelekea kuume kama sisi. Katika kuvua mchwa, habari zilizotangazwa mwaka 2005 zilionyesha kuwa waliotumia kushoto walizidi. Kwa hiyo kuwa na mkono upendwao si ajabu ya binadamu peke yake. Ajabu yetu ni kuwa karibu sote tumeuchagua mmoja.

Sasa tutazame ndani ya kichwa. Ubongo una nusu mbili, nazo huamuru mwili kwa kupishana. Nusu ya kushoto huamuru mkono wa kuume, na nusu ya kuume huamuru mkono wa kushoto. Tangu mwaka 1861, daktari Mfaransa aitwaye Paul Broca alipomchunguza mgonjwa aliyepotewa na maneno, watu wa elimu walianza kufahamu kuwa kwa watu wengi kazi ya kusema imo katika nusu ya kushoto. Katika watu 100 wa kuume, kama 95 wana usemi wao upande huo. Hata katika wenye mashoto, kama 7 katika 10 wako hivyo. Basi nusu moja ya ubongo hushughulika zaidi na kazi zitakazo kufuata taratibu kwa upesi, na kwa watu wengi usemi na mkono wa kazi vimekaa jirani.

Na nani ayagawaye hayo? Sehemu moja ni urithi. Mwaka 2020 zilitangazwa habari za watu zaidi ya milioni 1.7, na katika chembe za urithi ziitwazo jeni zilionekana sehemu 41 zinazohusika na mashoto. Hapana jeni moja iwezayo kusema, "Huyu awe wa kushoto." Nyingi husukuma kidogo kidogo, na bahati ya kukua tumboni husukuma pia. Ndiyo sababu wazazi wawili wa kuume waweza kumzaa mtoto mwenye mashoto, kama 1 katika 10. Na wazazi wawili wenye mashoto hupata mtoto kama wao kiasi cha 1 katika 4 tu. Hata pacha wafananao kabisa huweza kuachana, huyu kuume, huyu kushoto. Wataalamu wangali wakibishana juu ya sababu ya kwanza iliyouelekeza mzani upande wa kuume hapo kale. Lakini hawabishani tena kama mzani huo umo mwilini.

Basi, Mama wa viazi, swali lako ni hili: mwanao mkono huo ameupata wapi? Ameupata pale pale dada zake walipoupata wa kwao.

Sasa nakuja kwa neno ninalotaka mlishike. Kama mkono wa kazi umo mwilini, fimbo yetu hufanya nini? Tusikilize ushahidi. Mwaka 1986 gazeti la Marekani liitwalo National Geographic liliwapelekea wasomaji wake karatasi za maswali, wakajibu watu zaidi ya milioni 1. Katika wazee waliozaliwa mwanzoni mwa karne ile, walioandika kwa kushoto walikuwa kama 3 au 4 tu katika 100. Katika vijana walikuwa zaidi ya 10. Je, watoto wa Marekani walibadilika miili kwa miaka michache hiyo? Sivyo. Walimu waliweka rula chini, na waliokuwa wamefichwa wakaonekana.

Na kwa jirani zetu wa Malawi, ng'ambo ya mto Songwe, habari zilizotangazwa mwaka 2006 zilionyesha kuwa katika watu wazima walioulizwa, kama 3 katika kila 4 walisema mkono wa kushoto haufai kutumiwa kwa kazi za kila siku. Na katika hao waliosema hivyo, zaidi ya 8 katika 10 walitaka mtoto alazimishwe kuuacha. Nadhani huku kwetu majibu yasingeachana sana na hayo. Mimi mwenyewe ningejibu vivyo hivyo.

Lakini mtoto aliyelazimishwa hageuki kuwa mtu wa kuume. Wataalamu walipiga picha za ubongo wa watu wazima waliogeuzwa tangu utoto, ambao huandika kwa kuume siku zote, wakaona kuwa alama za mashoto yao zingalimo. Tumeigeuza kalamu tu. Na mtoto amelipa kwa hati mbaya, kwa kuchelewa, na kwa hofu ya kunyosha mkono.

Mtu atauliza, "Mwalimu, wataka tuache adabu zetu? Watoto watuamkie kwa kushoto, watie mkono wa kushoto katika chakula cha wote?" La, sisemi hivyo. Kuna adabu, na kuna kazi. Kuamkia ni adabu, kula pamoja ni adabu, na mkono wa kushoto umewekwa kando kwa sababu ya usafi, maana ndio utumiwao chooni. Mtoto mwenye mashoto aweza kujifunza kuamkia na kula kwa kuume, kama sisi sote tulivyojifunza mambo mengine ya heshima, naye afundishwe kwa upole. Lakini kuandika, kukata, kushona na kupiga nyundo ni kazi. Kazi haitaki heshima ya mkono, yataka ustadi wake. Hati njema haina mkono. Msomaji wa barua hajui iliandikwa kwa upi.

Wasomaji wa Biblia wanakumbuka kitabu cha Waamuzi, jinsi kinavyowasimulia watu 700 wa Benyamini waliotumia kushoto, mabingwa wa kutupa mawe kwa teo bila kukosa shabaha. Hapana aliyewafunga kitambaa.

Walimu wenzangu, nanyi wazazi, nawapa maonyo machache yasiyogharimu hata senti moja. Mtoto mwenye mashoto mwekeni mwisho wa dawati upande wa kushoto, ili kiwiko chake kisigongane na cha mwenziwe. Karatasi yake ilazwe kidogo, kichwa chake kielekee kuume. Aishike kalamu juu kidogo ya pale tunapoishika sisi, apate kuona aandikavyo, na mkono usifute wino. Akigeuza herufi kama zionekanavyo katika kioo, msahihisheni kwa upole, kwa maana wa kuume nao hufanya hivyo wakianza. Na akikata vibaya kwa mkasi, jueni kuwa mikasi yetu mingi imetengenezwa kwa gumba la kuume. Akiishika kwa kushoto makali huachana badala ya kubanana. Kosa si la mtoto, ni la mkasi.

Nanyi watoto wa shule, fanyeni jaribio. Kesho hesabuni darasani mwenu ni wangapi wenye mashoto. Mkiwa 50, tazamieni kama 5. Mkimwona mmoja tu, au hapana hata mmoja, ulizeni kwa adabu kama hapana aliyekatazwa.

Mtoto yule wa darasa langu alimaliza shule akiandika kwa mkono wa kuume, polepole, na hati yake haikupata kunyoka. Mwaka jana nilimkuta mama yake pale pale sokoni. Nikamwomba radhi, nikamweleza habari za Belfast na za meno ya Oldupai. Akasikiliza hata mwisho, huku akifunga gunia. Kisha akasema, "Ahsante, Mwalimu. Lakini mimi nimekwisha kuzaa. Waambie hao unaowafundisha wawe walimu."

Nawaambia kila mwaka. Na leo nimewaambia ninyi. Kwaherini.